Bi Sange na Mstari wa Kiboko

Haya, sogeeni kivulini. Wewe Vuai, weka chini hilo tenga lako la kuku, halitakimbia. Makelele yote haya ya nini? Chombo kimezuiwa, ndiyo kimeshazuiwa. Mkaguzi kasema magunia yashushwe, basi yatashushwa. Mmemtukana tangu asubuhi na bado kasimama palepale anaangalia maji. Mimi Bi Mize nimeanza kuuza vitumbua katika banda hili la abiria meno yangu yote yakiwa yapo. Nimeona vyombo vilivyochelewa, na nimeona visivyochelewa. Kaeni. Vitumbua vipo, na hadithi ipo.

Paukwa!

*Pakawa!*

Sauti gani hiyo, mmefunga? Paukwa!

*Pakawa!*

Kamba gatini! Hapo semeni, "Ifunguliwe!" Kamba gatini!

*Ifunguliwe!*

Haifunguliwi mpaka niseme mimi. Sasa sikilizeni.

Hapo kale wanyama walikuwa na bandari yao, na bandari ile ilikuwa na chombo kimoja tu, jina lake Tutafika. Kilitoka bara kwenda kisiwani, kikarudi, mara moja kwa wiki, siku ya gulio. Ubavuni kwa nje kilichorwa mstari mweupe. Na sheria ya bandari ilikuwa moja, fupi, hata mtoto anaishika. Mstari ukionekana, ondoka. Mstari ukizama, usiondoke.

Mwenye chombo alikuwa Kiboko. Yeye ndiye tajiri, yeye ndiye nahodha, yeye ndiye mpokea nauli. Na nauli ilikuwa mihogo. Mbuzi akipanda, anatoa mihogo. Nguruwe akipanda, anatoa mihogo. Basi Kiboko anaipokea kwa mkono huu, anaitia kinywani kwa mkono huu: nyafu! nyafu! nyafu! Hata kamba haijafunguliwa, nauli imeshaliwa.

Sasa, Sange mnamjua? Vuai hamjui. Lo! Mtu wa shamba hamjui sange! Mnyama mdogo, kama panya aliyekua kidogo, pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba. Wanakaa msituni mke na mume, wawili tu, na wana vijia vyao chini ya miti. Kila asubuhi huvifagia. Sange haoni raha akiona jani limelala njiani.

Palikuwa na Bi Sange na mumewe, Bwana Sange. Kila kukicha wanatoka na kufagia njia yao. Mume anafagia upande wa kulia, mke anafagia upande wa kushoto. Fya, fya, fya. Wakifika mwisho wanatazamana, wanacheka, wanarudi kunywa uji. Ndiyo maisha yao hayo, na hawakuyataka mengine.

Siku moja ikaja habari kwamba mama yake Bwana Sange ni mgonjwa kule kisiwani. Mume akafunga virago. Mke akamsindikiza hadi gatini. Siku hiyo chombo kilikuwa kimekaa vizuri, mstari wote uko nje, mweupe kama unga. Kiboko naye alikuwa bado ana shingo.

Bwana Sange akamwambia mkewe, "Unauona mstari ule?"

"Nauona."

"Baba yangu alipanda chombo ambacho mstari wake ulikuwa umezama. Tulimsubiri siku tatu, kisha tukaacha kusubiri. Mke wangu, ukitaka kunifuata, njoo. Lakini mstari ukiwa chini ya maji, usipande, hata kama ni mimi ninayekuita."

"Na wewe je? Siku ya kurudi?"

"Na mimi vivyo hivyo."

Wakaapizana. Mume akapanda. Chombo kikaenda, kikawa kidogo, kikawa kidogo zaidi, na Bi Sange akarudi nyumbani peke yake. Asubuhi yake akafagia upande wa kushoto. Alipomaliza akaangalia upande wa kulia, umejaa majani. Akahamia kulia, akafagia. Huko kulia mkono ulikuwa mzito, jamani, fagio lilikuwa kama limefungwa jiwe.

Ukapita mwezi, ukapita wa pili. Ndege mmoja akaleta salamu: "Mumeo anasema mama ameshazikwa. Yeye mzima. Anasubiri mstari."

Bi Sange akakaanga mchwa, wale wanono anaowapenda mumewe. Akawafunga kwa jani. Siku ya gulio akaja gatini na kifurushi chake. Akaangalia ubavu wa chombo. Mstari hauonekani. Akarudi nyumbani, akala mchwa peke yake, hawana ladha.

Wiki ya pili akakaanga mchwa wengine. Akaja gatini na kifurushi chake. Akaangalia ubavu wa chombo. Mstari hauonekani. Akarudi nyumbani, akala mchwa peke yake, hawana ladha.

Wiki ya tatu je?

*Akakaanga mchwa!*

Akaja gatini?

*Na kifurushi chake!*

Mstari?

*Hauonekani!*

Basi miaka miwili ikaenda hivyo. Na kila akirudi, njiani anaimba. Wimbo wenyewe ni huu, itikieni:

*Mstari wee mstari, toka majini nikuone,*
*Njia nimeifagia, sina wa kupita naye.*

Kiboko kila akimuona alikuwa anacheka, tumbo linatikisika. "Bi Sange! Leo tena? Panda bwana! Na kimwili chenyewe hicho, utazamisha nini?"

"Si mimi ninayezamisha, Bwana Nahodha."

"Unaogopa maji? Chombo kikizama, si tutaogelea!"

Abiria wote wakacheka. Akacheka Mbuzi, na mbuzi hajui kuogelea. Wakacheka kwa sababu wana haraka, wana bidhaa, wana harusi huko ng'ambo. Mtu mwenye haraka huwa anacheka chochote anachosema nahodha, nawaona hapa kila siku. Kiboko mwenyewe alikuwa hana la kuogopa. Yeye akizama anatembea tu huko chini, tii, tii, mpaka ufukweni.

Mtauliza, mkaguzi alikuwa wapi? Alikuwepo. Alikuwa Korongo. Kazi yake kusimama majini na miguu yake mirefu, aangalie mstari, agonge muhuri. Korongo alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa na maradhi yake. Kila akiinama kuangalia mstari, Kiboko anateremsha mguu mmoja upande wa pili, anavuruga tope: chubwi! Samaki wanatoka mbio. Shingo ya Korongo inawafuata. Dap! Samaki kaingia. Akishafuta mdomo, Kiboko anamuuliza kwa sauti ya upole, "Umeuona mstari, Bwana Mkaguzi?" Sasa Korongo ataona haya kusema hakuuona, na kazi yake ndiyo hiyo. Anasema, "Nimeuona." Pa! Muhuri.

Siku moja katikati ya safari maji yakaingia ndani. Wakatupa magunia baharini ndipo wakapona. Mama Kanga alikuwa na kikapu cha mayai, anayapeleka kwa mamake yakaatamiwe kwa pamoja. Kikapu kikaenda na maji. Mayai yote. Mama Kanga akalia mpaka sauti ikamkauka. Kiboko akamwambia, "Ah, mayai si mengine yatatagwa!"

Siku ile hakuna aliyecheka. Lakini wiki iliyofuata walipanda tena. Wafanye nini? Chombo ni kimoja.

Bi Sange akakaa gatini akifikiri, kifurushi mapajani. Akaangalia magunia: yaleyale. Akaangalia mbuzi: walewale. Akajiuliza, "Mzigo ni uleule wa siku ile mume wangu alipoondoka. Siku ile mstari ulikuwa nje. Leo umezama. Kilichoongezeka ni nini?" Hapo Kiboko akapita, anatafuna, akakanyaga chombo apande. Chombo kikalia, ngwiiii! Bi Sange akaangalia mguu, akaangalia tumbo, akaangalia maji yanavyopanda ubavuni. Akaziba pua yake ndefu kwa mikono miwili asije akacheka.

Akarudi nyumbani. Usiku ule hakula mchwa. Aliwafunga tena vizuri.

Siku ya gulio akawahi mapema. Abiria wote wameshapanda, magunia yamepangwa, Kiboko kakaa katikati kama mfalme, anamalizia nauli.

"Shikamoo, Bwana Nahodha."

"Marahaba. Umekuja kuangalia mstari?"

"Leo nimekuja kuupandisha."

Kiboko akacheka. "Utaupandishaje? Uchore mwingine juu?"

"Uleule. Naupandisha juu ya maji, kila mtu auone, na sishushi gunia hata moja. Sishushi mbuzi, sishushi kifurushi."

Kiboko akaacha kutafuna. Gunia hata moja? Akili yake ikaenda mbio. Kama huyu anajua dawa ya kupandisha mstari bila kushusha mzigo, basi wiki ijayo anaongeza nguruwe sita. Mihogo mingapi hiyo!

"Na unataka nini?"

"Nafasi moja tu chomboni, bila muhogo. Na uape mbele ya Mkaguzi kwamba hakitashuka kitu, maana dawa yangu haitaki kitu kishuke."

"Naapa!"

"Aandike."

"Aandike! Korongo, andika!"

Korongo akafurahi, miaka miwili hajaombwa kuandika. Akafungua kitabu, akasoma kwa sauti: "Hakishuki kifurushi, halishuki gunia, hashuki abiria. Mstari ukionekana, kilichomo kinakwenda. Mwenye chombo ameapa."

"Nimeapa!" akasema Kiboko. "Haya, lete dawa."

Bi Sange akaruka ndani, akaweka kifurushi chake pembeni, pale kwenye nafasi yake. Kisha akazunguka chombo, anapiga mbao kwa kidole, ko, ko, ko, huku anaimba wimbo wake. Akasimama mbele ya Kiboko.

"Bwana Nahodha, dawa iko tayari. Lakini ukikaa hapa hutauona mstari, uko nje ubavuni. Wataona wengine, wewe mwenye chombo usione? Si haki hiyo. Shuka gatini ushuhudie mwenyewe."

"Kweli," akasema Kiboko.

Akainuka. Gati likalia, nyaaa! Akashuka mguu wa kwanza. Akashuka wa pili. Akashuka wa tatu. Akashuka wa nne.

Chombo kikapumua. Hiiii! Kikaja juu, kikaja juu, maji yakateremka ubavuni, choroo, choroo, na mstari ukatoka. Wote. Mweupe, una magamba ya chaza juu yake, lakini mweupe.

Watu wakapiga vigelegele. Mama Kanga akapiga kuliko wote. Na Bi Sange, jamani, alikuwa hajauona mstari ule tangu siku aliyomsindikiza mumewe. Akainama juu ya ubavu wa chombo, akauangalia, machozi yakamtoka mpaka ncha ya pua. Akasahau hata ujanja wake.

Kiboko gatini anarukaruka. "Umetoka! Umetoka! Nauona! Korongo, unauona?"

Na Korongo siku hiyo aliuona kweli. Kiboko yuko nchi kavu, nani wa kuvuruga tope? Hakuna samaki, hakuna chubwi. Mbele yake kuna mstari tu. Akauangalia kwa jicho hili, akauangalia kwa jicho hili. Akainua muhuri juu. Pa!

"Chombo kimekaguliwa. Kilichomo kinakwenda."

"Vizuri," akasema Kiboko, akanyanyua mguu apande. Akakanyaga. Ngwiii! Mstari ukazama.

"Bwana Nahodha," akasema Korongo, "ondoa mguu."

Akauondoa. Mstari huo nje. Akaurudisha. Mstari huo ndani.

"Ondoa mguu."

"Mimi ndiye mwenye chombo!"

"Sikuandika mwenye chombo anakwenda. Niliandika mstari."

Kiboko akafoka mpaka gati likatikisika. "Basi shusheni magunia! Shusheni mbuzi! Mimi nipande!"

Bi Sange akafuta pua yake. Akasema kwa adabu, "Umeapa, Bwana Nahodha. Halishuki gunia, hashuki abiria. Imeandikwa."

"Na nani atawaendesha?"

Hapo serahangi wa chombo, msimamizi wa mabaharia, Fisi-maji, mtu mkimya, miaka yote hajasikika akisema neno, akajikuna kichwa. "Kwani huwa anaendesha nani? Wewe unalala tangu tunafungua kamba mpaka tunafunga."

Akafungua kamba. Swaa! Chombo kikateleza, chepesi, kama kimepona homa. Kiboko akajitupa majini, tubwi! Akaanza kuogelea nyuma yao, anapiga kelele, "Nisubirini! Nisubirini!"

Abiria wote, mbuzi, nguruwe na Mama Kanga, wakasimama wakamjibu kwa sauti moja. Wakasema nini?

*Si utaogelea!*

Eee! Akaogelea mpaka kwenye mlango wa bandari. Tumbo la mihogo ya miaka miwili likamvuta chini. Akarudi anatembea, tii, tii, huko chini, mpaka ufukweni. Yeye hakupatwa na lolote, msimhurumie.

Chombo kikaenda. Mama Kanga akamkaribisha Bi Sange akae kivulini chini ya bawa lake, akakataa. Njia nzima aliinama ubavuni anaangalia mstari, akiogopa akipepesa macho utazama. Haukuzama. Kisiwa kikaonekana, kikawa kikubwa, kikawa kikubwa zaidi, mpaka chombo kikagusa gati.

Watu wakashuka wakakumbatiana na jamaa zao. Bi Sange akasimama na kifurushi chake. Akaangalia huku, akaangalia huku. Mumewe hayupo.

Akasubiri mpaka gati likabaki tupu. Akasema, "Amechoka kunisubiri. Au amekufa, na mimi nilikuwa nyumbani nafagia."

Fisi-maji anakunja kamba akamuona. "Unamtafuta yule bwana mwenye pua kama yako?"

"Unamjua?"

"Kwa jina simjui. Kila wiki huja akasimama juu ya lile jiwe. Chombo kingali mbali huko, yeye anaangalia ubavuni. Halafu husema, 'Leo hayumo,' akaenda zake. Kila wiki, miaka miwili. Hasubiri hata watu washuke."

"Na leo?"

"Leo nimemuona ameangalia ubavuni, akaruka, akapiga ukelele, akakimbilia msituni. Nikasema pengine kaumwa na kitu."

Bi Sange hakuaga. Akakimbia. Akaingia msituni, akafuata harufu, mpaka akaona njia. Upande wa kulia umefagiliwa, hauna hata jani. Upande wa kushoto majani yamejaa mpaka magotini, makavu, ya miaka miwili, hakuna aliyeyagusa. Na mbele kidogo, vumbi linatimka. Mumewe yuko palepale, kampa mgongo, fagio mkononi, anafagia upande wa kushoto kwa haraka, jasho linamtoka. Fya, fya, fya! Hajasikia sauti yake, hajaona uso wake. Aliona mstari tu, akajua.

Bi Sange akasimama nyuma yake. Alikuwa amepanga maneno mengi tangu bara, yote yakampotea.

Akasema, "Acha hapo. Huo upande ni wangu."

Mume akageuka.

Basi. Hayo mengine ni yao.

Mnataka na funzo? Vuai anataka funzo, anaona kitumbua peke yake hakitoshi. Funzo ni hili: sheria za bandari ni usumbufu mtupu. Zinawachelewesha watu, zinaharibu harusi, zinakausha samaki wa watu juani. Angalieni wenyewe Bi Sange, miaka miwili! Angepanda siku ile ya kwanza yote yangekwisha mapema. Kwa hiyo mkiambiwa pandeni, pandeni, msiangalie chini. Na yule mkaguzi pale mwenye kitabu, nendeni mkamalizie kumtukana, tena wewe Vuai tangulia na kuku wako.

Mbona hamwendi?

Mume wangu mimi alipanda chombo kilichoondoka kwa wakati. Hakikuchelewa hata dakika. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia awahi.

Haya, naona gunia la mwisho limeshashuka. Chukueni mizigo yenu. Kamba gatini!

*Ifunguliwe!*

Ngojeni kwanza. Vuai, wewe mwenye macho mazima, nenda kaniangalizie ubavuni. Unaonekana?

*Unaonekana, Bi Mize.*

Wote?

*Wote. Mweupe.*

Haya. Ifunguliwe.